Injini ya Baba Ndani ya Bati la Biskuti

Kaka yake alilitua bati la biskuti kwenye meza ya kazi, katikati ya pampu ya maji iliyokuwa imefunguliwa, wala hakuuliza kama pana nafasi. Nati mbili zilibingirika zikaanguka sakafuni. Hakuziokota.

"Fungua uone," alisema, akijipangusa vidole kwa leso.

Dada mtu hakuwa na haja ya kufungua. Bati lile alilijua kwa kutu yake, na kwa farasi aliyechorwa kwenye kifuniko, ambaye sasa alibaki miguu tu. Tangu utoto wao lilikaa juu ya kabati la wazazi, na kila alipopita chini yake aliinamisha macho.

"Nimehamia nyumba mpya," kaka aliendelea. "Mama naye nimemchukua. Sebuleni nimetengenezesha kabati la kioo, lina taa ndani. Nataka injini ya baba ikae humo, watu wakija waone tumetoka wapi. Wakubwa wa kazini nimeshawaalika. Iwake, izunguke, ipige na filimbi."

"Mbona unaniletea mimi?"

"Wewe si fundi?" Akacheka. "Halafu aliyeivunja nani? Uliivunja mwenyewe, Vunja, itengeneze mwenyewe. Au nimesema uongo?"

Kwa kadiri alivyojua yeye, kaka yake alikuwa amesema kweli tupu.

Pale karakana wateja walimwita Fundi, nasi tumwite hivyo hivyo, maana jina alilopewa nyumbani halikuwa jina la mtu mzima. Nyumbani alikuwa Vunja. Akiingia jikoni mtu husema, "Vunja huyo, ficheni vikombe," wanacheka, na yeye anacheka nao. Watoto wa kaka yake walimwita shangazi Vunja bila kujua jina limetoka wapi.

Lilitoka kwenye bati lile. Baba yao alikuwa mwangalizi wa boila, pipa la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke, katika kiwanda cha nyuzi. Mhandisi mzee wa kiwanda, alipostaafu, alimwachia injini ndogo ya mvuke, kitu cha kuchezea watoto ambacho mhandisi mwenyewe alirithi kwa babu yake. Ilikuwa na boila ya shaba njano yenye ukubwa wa kopo la maziwa, silinda iliyolingana na kidole gumba, gurudumu zito ubavuni, bomba la moshi na filimbi. Siku za mapumziko baba aliiweka mezani, akaijaza maji, akawasha taa ya spiriti chini yake, na nyumba nzima ikanyamaza kusubiri. Maji yalianza kunong'ona. Baba alilisukuma gurudumu kwa kidole, likagoma. Akalisukuma tena, likakubali, na injini ikaanza kuhema kama kitu chenye roho.

Watoto walikuwa wawili tu. Mvulana alitazama kidogo, kisha akatoka na baiskeli yake. Msichana ndiye aliyebaki kuuliza maswali. Mbona maji hayamwagiki? Mvuke unajuaje pa kupita? Baba alimjibu yote. Akawa anamruhusu kuingia kwenye chumba chake cha vyombo nyuma ya nyumba, amshikie spana, amchagulie msasa laini na msasa mkali.

Mchana mmoja alipita sebuleni akaikuta injini mezani. Hakuwasha kitu. Aliinyanyua tu kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, na kifuniko cha nyuma cha boila kikabanduka kikamdondokea mguuni. Alishtuka, injini ikamponyoka, gurudumu likapiga sakafu ya saruji. Kuinua macho, baba yuko mlangoni.

Hakumpiga. Laiti angempiga, labda yangeishia siku ile. Baba alipiga magoti, akaokota vipande kimoja kimoja kwa mkono wake, akavitia kwenye bati la biskuti. Kisha akasema, akiliangalia bati, "Kuanzia leo nisikuone kwenye chumba cha vyombo."

Ikawa hivyo. Aliyeingia chumbani ni kaka, tena kwa kuvutwa sikio. Kaka ndiye aliyepelekwa kujifunza kazi ya boila kiwandani, akaiona ya moto na ya uchafu, akahamia ofisi ya manunuzi, na huko akapanda mpaka akawa mkubwa. Msichana aliambiwa ajifunze kushona. Alishona nguo za watu kwa miaka akiichukia kila nguo. Baada ya ndoa yake kuvunjika (na hapo pia walicheka, "Vunja kavunja tena") alipata kazi ya kufagia kwenye karakana ya pampu. Alifagia huku masikio yakiwa kwa mafundi, akaanza kuombwa ashike hapa, abane pale, hadi ikafika siku mwenye karakana, mgongo umeshamshinda, akamwachia funguo. Baba yao alikuwa ameshazikwa. Hakuwahi kuiona hata pampu moja aliyoitengeneza binti yake.

Kwa hiyo Fundi alilifungua bati kwa unyenyekevu, kama mtu aliyepata bahati ya kusafisha kosa lake. Alitandika kitambaa cheupe, akavipanga vipande. Gurudumu lilikuwa limepinda kwenye mhimili. Pistoni ilikuwa imegandamana na silinda, haiendi mbele wala nyuma. Aliiloweka kwenye mafuta ya taa. Boila aliitia kwenye siki iliyochanganywa na maji ili ukoko wa chumvi uachie, akaendelea na kazi za wateja.

Alipoitoa boila akaisugua, rangi ya shaba ilianza kurudi. Ilirudi kila mahali isipokuwa tumboni, palipopigwa na moto. Pale palikuwa na baka la buluu na zambarau, lililoingia ndani ya shaba yenyewe. Fundi aliisogeza dirishani. Halafu akachungulia ndani kwa tochi. Kando ya kiungo cha nyuma, risasi ya kulehemia iliyoshikilia kifuniko ilikuwa imeyeyuka, ikatiririka, ikaganda chini kama machozi ya mshumaa.

Alikaa kwenye stuli.

Boila yenye maji haifanyi vile. Maji yakiwemo, yanalibeba joto, na risasi ya kwenye kiungo haiwezi kuyeyuka. Risasi ile iliyeyuka kwa sababu mtu aliwasha moto chini ya boila kavu na kuuacha uwake. Na yeye hakuwahi kuwasha. Kiberiti na spiriti vilifungiwa kabatini, na ufunguo, siku baba akiwa kazini, alikuwa nao mtoto mkubwa.

Alikichukua kifuniko kilichobanduka. Upande wa ndani kulikuwa na kitu cheusi ambacho alikidhania ukoga. Alikikwangua kwa ncha ya kisu. Weusi ulikuwa rangi ya viatu, na chini yake palikuwa na mpira mwekundu uliokatwa duara, mgumu kama ukucha kwa uzee, ukiwa bado umeshikwa na tabaka la gundi ya solusheni iliyokauka.

Kiraka cha pancha. Katika nyumba ile mwenye baiskeli alikuwa mmoja.

Kwa hiyo kaka aliiwasha injini bila maji, akaiunguza, kiungo kikaachia. Akakibandika kifuniko kwa kiraka cha baiskeli, akakipaka rangi ya viatu kisionekane, akairudisha injini mezani, akaondoka zake. Yeyote atakayeigusa wa kwanza ndiye atakayekuwa ameivunja. Na nani mwingine angeigusa wa kwanza?

Hasira haikumjia kwa kelele. Alikwenda kwenye bomba akanawa mikono, akarudi, akaitazama ile duara nyekundu, akaenda akanawa tena. Mteja mmoja aliingia kuulizia pampu yake.

"Haijawa tayari," Fundi alisema.

"Si ile pale, umeshaifunga?"

"Nimesema haijawa tayari! Toka!"

Mteja alitoka kinyumenyume, na kesho yake alimtuma mkewe.

Kilichomkereketa zaidi hakikuwa kusingiziwa. Watu husingiziwa, wakajua wamesingiziwa, wakawa na la kujishikiza. Yeye hata hilo alinyimwa. Aliamini. Maisha yake yote alinyanyua vikombe vya watu kwa mikono miwili. Hakuwahi kumbeba mtoto mchanga wa mtu yeyote akiwa amesimama. Alipokosea kitu karakanani alijisemea kimoyomoyo, "Si ndiyo mikono yako," na mikono yenyewe haikuwa na hatia yoyote!

Alichukua simu ampe kaka yake vidonge vyake hapo hapo. Akairudisha mfukoni. Hapana, alisema. Naimaliza kwanza.

Aliifanya kazi ile kwa meno yaliyobanwa. Hakuna pampu aliyoitengeneza kwa uangalifu kama ule. Mhimili aliunyoosha kwenye mashine ya kukerezea, kidogo kidogo, hadi gurudumu likazunguka bila kuyumba. Pistoni iliachia baada ya kulowekwa mara ya tatu, akaisugua kwa vumbi la msasa na mafuta mpaka ikateleza kama kidole kwenye pete. Kifuniko alikilehemu upya, safari hii kwa lehemu ya fedha isiyojali mbwembwe za taa ya spiriti. Vali ya usalama, ile inayoachia mvuke ukizidi, aliifungua, akaitupa springi iliyooza, akasokota nyingine kwa waya mpya. Kabla ya moto aliijaza boila maji na kuyasukuma ndani kwa pampu ya mkono, aone kama itavuja. Haikutoa hata jasho.

Kile kiraka hakukitupa. Alikitia kwenye kikopo cha vidonge, akakiweka mfukoni mwa ovaroli.

Kuna wazo jingine lilimjia mara kwa mara akiwa anasugua, wazo la baba amepiga magoti sakafuni na kile kifuniko mkononi. Kila lilipokuja aliongeza nguvu kwenye msasa.

Siku ya ugeni ilikuwa Jumapili, mchana kweupe. Sebule ya kaka ilijaa viti virefu vya ngozi na watu waliokaa wima. Mama aliwekwa kwenye kiti cha pembeni, kitambaa kipya kichwani, kama naye ni wa kabati la kioo. Fundi alimwamkia, akaweka injini kwenye meza ya katikati, juu ya sahani ya bati.

"Sasa, wageni wangu," kaka alisema akisimama, "hii ndiyo injini ya marehemu baba. Mzee alikuwa mtu wa mvuke! Na huyu ni mdogo wangu. Tunamwita Vunja, maana ndiye aliyeivunja akiwa mtoto." Wageni walicheka kwa adabu. "Lakini leo ametubu."

Fundi alitia maji. Alipima, akaongeza kidogo. Aliwasha taa ya spiriti. Wote walinyamaza, na katika ukimya ule maji yalianza kunong'ona. Alilisukuma gurudumu kwa kidole likagoma, akalisukuma tena, likaenda. Injini ilihema, ikashika kasi, fimbo ya pistoni ikawa inang'aa kama sindano ya cherehani. Mgeni mmoja mnene aliteremka kwenye kiti akachuchumaa karibu. Fundi alivuta kamba ya filimbi, na ile sauti nyembamba ikatoka, na mama akafunika mdomo kwa kiganja.

"Safi kabisa!" kaka alipiga makofi.

"Bado," alisema Fundi. Alifungua kikopo cha vidonge, akakidondosha kiraka mezani mbele ya kaka yake. "Hiki umekisahau."

"Nini hiki?"

"Kiraka cha pancha. Nimekitoa ndani ya boila. Baiskeli ilikuwa ya nani pale nyumbani, kaka?"

Kaka alikitazama. Alifikiri kidogo, kisha akacheka, tena cheko la kweli, la mtu aliyekumbushwa kisa kizuri.

"Kumbe kilibaki! Loo! Niliiacha inawaka, nikaenda kucheza mpira, narudi naona inatoa harufu..." Aliwageukia wageni. "Mambo ya utoto haya, ndugu zangu. Niliogopa mkong'oto wa mzee, acha kabisa."

"Ukanitupia mimi."

"Sikukutupia, wewe uliiokota. Ah, mdogo wangu, mambo ya zamani yote hayo. Si imepona?"

"Mimi nilifukuzwa kwenye chumba cha vyombo!" Sauti yake ilipanda, na hakuishusha. "Wewe ulipewa boila ukaitema. Mimi nilipewa sindano. Nimeitwa Vunja mpaka na watoto wako, mpaka leo hapa, mbele ya watu nisiowajua, umeniita Vunja. Na ulikuwa unajua! Kila siku uliyoniita ulikuwa unajua!"

Wageni walitazama viatu vyao. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, yaishe. Mbele ya wageni."

Fundi alimgeukia. Hapakuwa na mshangao kwenye uso wa mama. Palikuwa na uchovu tu.

"Mama. Na wewe ulijua?"

Mama alikunja ncha ya kitambaa chake, akaikunjua.

Basi. Fundi alizima taa ya spiriti kwa kifuniko chake, akasema, "Injini hii haibaki hapa." Angependa kuinyakua na kutoka, mlango ugonge nyuma yake. Lakini boila ilikuwa ya moto. Aliyeifahamu kuliko wote pale alijua haishikiki, na maji yake yakimwagika yatababua mtu. Kwa hiyo alivuta kiti, akakaa katikati ya sebule ya kaka yake, mikono imekunjwa kifuani, akasubiri ipoe.

Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyejua la kufanya. Vinywaji vilipitishwa, akakataa. Mgeni mmoja alijaribu kusema juu ya mvua, akaishia njiani. Yule mnene alinong'ona, "Ile springi ya vali ni yako mwenyewe?" Fundi akamjibu kwa kifupi kuwa ndiyo, akarudi kukunja ndita. Kaka alizunguka mle ndani akifungua madirisha yaliyokuwa wazi. Mwishowe Fundi aligusa boila kwa kidole, akamwaga maji kwenye sahani ya bati, akaifunga injini kwenye kitambaa, akaondoka. Mlango aliufunga polepole, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa.

Kaka alipiga simu wiki nzima. Kwanza alibembeleza, kisha akafoka. "Hiyo ni mali ya baba, na mkubwa ni mimi!"

"Njoo uichukue," Fundi alimjibu. "Ila utaiwasha wewe, mbele yangu, nione unaanza na nini."

Hakuja. Aliyekuja ni mama, peke yake, amebeba mfuko wa nguo, goti likimsumbua. Alikaa kwenye stuli ya wateja katikati ya harufu ya mafuta.

"Nimekuja kukwambia, maana hutaniuliza," alisema. "Unajua kuwa baba yako naye..."

"Usiniambie."

"Alijua siku ile ile. Kile kifuniko alikishika."

Fundi aliweka spana chini. Lile wazo alilolisukuma kwa msasa lilikuwa limeingia likakaa. Baba aliyekuwa akijua ugonjwa wa boila kwa kusikiliza tu angekosaje kuona shaba iliyoungua? Na kiraka cha mpira kikiwa kiganjani mwake!

"Kwa nini?" Lilitoka kama ukelele. "Mimi ndiye niliyekuwa naipenda kazi! Yule alikuwa hataki hata kuona mafuta!"

"Nafasi ya kiwandani ilikuwa ya kaka yako. Ilishaombwa, ilishakubaliwa. Ingesikika kwamba mtoto wa mwangalizi wa boila anawasha moto bila maji, wangemcheka yeye na baba yake. Baba yako akasema, msichana hatapoteza kitu." Mama alilinyoosha goti lake. "Mimi nikanyamaza. Nilikuona wewe una moyo mgumu, nikasema utabeba."

"Nimebeba! Mlinipima mgongo tu, mkanitwika!" Alilia kwa hasira, kamasi na yote, akaupiga mguu wa meza teke hadi nati zikaruka. Alimsema mama, akamsema baba aliyelala kaburini, maneno ambayo hakuwahi kufikiri yatatoka kinywani mwake. Mama hakujitetea. Wala hakuinuka.

Fundi alipoishiwa na pumzi alisema, "Nenda nyumbani, mama."

"Nyumbani wapi? Kule kwa kaka yako nimewekwa kwenye kiti, siruhusiwi hata kuosha sufuria. Nimekuja kukaa kwako."

"Mimi nimekasirika. Sijui nitakasirika mpaka lini."

"Kasirika. Nitakaa hivyo hivyo."

Akakaa kweli. Kuna asubuhi Fundi hakumwamkia, akanywa chai amempa mgongo, na mama akanywa yake. Kuna siku waligombana juu ya sukari, wote wakijua si sukari. Jina la Vunja halikutamkwa tena katika nyumba ile. Mtoto mmoja wa kaka alikuja kutembea akaliropoka, na mama akamfokea mpaka akatafuta viatu vyake.

Injini iko karakanani, kwenye rafu iliyo usawa wa macho, bila kioo. Yule mgeni mnene huja siku nyingine akiomba iwashwe, na Fundi akiwa na nafasi humwashia. Na mama, goti likimruhusu, hufika mchana na chakula, akakaa kwenye stuli na kumwangalia binti yake akifunga pampu. Juzi aliuliza jambo ambalo katika maisha yake yote na mtu wa boila hakuwahi kuliuliza.

"Hivi huo mvuke, unajuaje pa kupita?"

Fundi alimaliza kukaza boliti, akaijaribu kwa spana, akaikaza tena kidogo.

"Sogea huku," alisema, na sauti yake ilikuwa bado kavu. "Hapo ulipo huoni kitu."